Kamisi ya Mama Juu ya Kayaba

Mtu akiniambia kwamba kayaba ni ua wa boma tu, hubishana naye mpaka achoke yeye. Nina hasira za karibu, hilo nalikubali, na kwa neno hili sina subira hata kidogo. Pale Mbotela nilikozaliwa, na ninakoishi mpaka leo, kayaba ni kichaka chenye miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Kayaba pia ni tunda lake, la manjano, chachu, ambalo watoto hulila kwa chumvi na pilipili huku machozi yakiwatoka. Halafu kayaba ni ua wowote ule; fundi anaweza kukuambia amekuzungushia kayaba ya mabati nawe ukamwelewa. Kuna mtaa mzima hapa Nairobi wenye jina hilo. Na kwetu sisi wanawake, kayaba ni kituo cha habari. Ukimuuliza mtu, "Hiyo umeisikia wapi?" akajibu, "Kayaba," jua imetoka kwa wanaoanika nguo, na mara nyingi huwa ni kweli.

Neno lenyewe lilitoka wapi, hakuna aliyejua. Mama, aliyekuja kutoka magharibi akimfuata baba aliyefanya kazi reli, alidhani ni Kikuyu. Majirani Wakikuyu walidhani ni Kiswahili. Jirani wa mlango wa pili, Mwislamu ambaye wazazi wake walikimbia vita kaskazini, alidhani ni sisi watu wa magharibi tuliokuja nalo. Kila mtu alilitumia bila kulidai.

Ukweli niliupata nikiwa mtu mzima. Ofisi ninakofanya ukarani ilinituma kwa wauza miche wa kando ya barabara, ninunue ya kupanda langoni. Muuzaji akaniletea mche mmoja kwenye karatasi nyeusi ya nailoni. "Hii ni Kei apple, madam. Mwizi hapiti hapa."

Nikauangalia mwiba. "Hii si kayaba?"

"Ni hiyo hiyo. Kei apple ni jina la kuuzia watu wa ofisi."

Nilicheka, kisha nikaenda kusoma. Kei ni mto, uko mbali huko kusini mwa Afrika, na kichaka hiki kwao ni pande hizo. Apple ni tofaa, ingawa tunda letu halina udugu wowote na tofaa. Waingereza walikuwa na tabia ya kuita tofaa karibu kila kitu cha mviringo kilichowashinda jina. Walowezi walikileta huku kuwazuia ng'ombe wasitoke na watu wasiingie. Na watu hao hao waliozuiwa ndio waliopewa kazi ya kukipanda na kukipunguza. Wakalisikia jina, wakalitamka walivyopenda. Mto ukapotea humo, tofaa likapotea, ikabaki kayaba. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi mno, kama mtu aliyesikia kwamba ukoo wao ulishinda kesi zamani bila yeye kuambiwa.

Kayaba yetu inazunguka kiwanja kidogo nyuma ya nyumba. Ndani watoto wanapiga mpira, pembeni sisi tunaanika. Nyumba zetu za zamani ni ndogo, huwezi kutundika shuka ndani halafu watu wakapata pa kupita. Kuanika juu ya kayaba kuna ufundi wake. Unatandaza nguo taratibu, unaibonyeza kidogo, miiba inaishika na upepo hauwezi kuichukua. Kuitoa ndiyo kazi. Unaifungua mwiba kwa mwiba, na ukivuta kwa pupa umeipasua. Wezi wa nguo walishakata tamaa nasi zamani.

Mwaka jana, mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, lori lilikuja na nguzo na mabati. Wakashuka vijana wenye mapanga, nyapara wao, na mtu mmoja wa suti aliyesema ametumwa na mwenye kiwanja. Sisi hatukuwahi kusikia kwamba kiwanja kile kina mwenyewe. Tukamwomba karatasi, akaipunga hewani, akairudisha mfukoni. Kayaba ingekatwa siku hiyo, mabati yasimame, na kiwanja chetu kiishie hapo. Wote tulijua mambo haya yanavyokwenda. Ukuta ukishasimama, hata ukienda kortini, unaongea ukiwa nje.

"Msihangaike na hiki kichaka," mtu wa suti alituambia. "Hii hata si mmea ya hapa. Ni kitu ya wakoloni."

Damu ikanipanda. "Na hiyo tai yako imechimbwa Machakos?"

Watu walicheka, yeye hakucheka, na mapanga yakainuliwa vilevile. Mdomo wangu ulikuwa haujasaidia kitu.

Mama alikuwa akifua. Hakupiga kelele wala hakutukana. Aliinua kamisi yake kutoka kwenye karai, ile ya krimu yenye lesi chini, akaikamua nusunusu, akapita katikati ya vijana na kuitandaza juu ya kayaba, pale pale panga lilipokuwa likielekea. Akaibonyeza ishike vizuri. Kisha akaenda kuleta nyingine.

Kijana mwenye panga alisimama. "Boss, mi siwezi gusa hiyo. Hiyo ni ya mathe."

"Itoe, weka kando," mtu wa suti akasema.

"Toa wewe."

Kwa watu wa kwetu jambo hili halina mjadala. Mwanamume hagusi nguo ya ndani ya mwanamke wa rika la mama yake, na akiigusa, wenzake hawatamwangalia tena kwa jicho lile lile. Kuikata kwa panga ni laana ambayo hakuna aliyetaka hata kuiwaza. Nyapara, ambaye lafudhi yake ilinionyesha kwamba naye ametoka magharibi, alikuwa ameshageuza uso.

Ndipo wanawake wengine wakaelewa. Milango ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine, na kamisi zikatoka, na zile nguo nyingine ambazo kwa kawaida huanikwa zikiwa zimefichwa chini ya shuka. Yule jirani yetu Mwislamu alitoka na mtandio wake mrefu mweupe. "Mimi za ndani siwezi kuwaonyesha," akasema, "lakini hii ni ya kuswalia. Nataka nimuone atakayeipiga panga."

Nyapara alimjia mama akiangalia viatu vyake. "Mama, tafadhali. Toa nguo tufanye kazi."

"Hazijakauka, baba."

"Zitakauka lini?"

"Kwani jua ni langu?"

Kwa baridi ile hazikukauka, na zilipokaribia kukauka, mtu alipita na kikombe cha maji akaziburudisha. Lori liliondoka jioni. Tulicheka siku hiyo mpaka mbavu zikauma.

Lakini walirudi asubuhi, na asubuhi iliyofuata, na hapo ndipo tulipojua kwamba hatukuwa tumepiga hesabu vizuri. Watu kama sisi hatuna nguo za kuacha nje. Mtoto wa jirani mmoja alikwenda shule na sweta mbichi, akarudi akikohoa. Mama yake akaja akafungua nguo zake kwenye miiba, akaingia nazo ndani bila kutuangalia, na sikuweza kumlaumu. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Mapengo yakaanza kuonekana, na mtu wa suti akayaona kabla yetu. Akawaonyesha vijana pa kuanzia. Wakakata kichaka kimoja, wakakata cha pili, wakasimamisha nguzo ya kwanza. Mama alivua leso ya kichwani akaitandaza kwenye kichaka cha tatu, ndipo wakasimama.

Jioni nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, mvi zake zote nje, mwanamke ambaye hata sisi watoto wake hatukuzoea kumwona kichwa wazi.

"Nguo zimeisha," akaniambia.

Niliogopa. Mama alitulea kwa mshahara wa reli na bado sikuwahi kumsikia akisema kitu kimeisha. Nikachukua simu. Wasichana tuliokulia kando ya kayaba ile tuna kundi letu la WhatsApp, na wengi walishaolewa, wako Umoja, wako Baba Dogo, wako mbali zaidi. Niliandika kwa hasira, bila salamu: "Mama zenu wamebaki uchi kwa ajili ya kayaba. Fueni leo. Msianike kwenu. Leteni."

Asubuhi, kabla ya lori, nilisikia kelele barabarani. Walikuwa wanakuja na mabeseni vichwani, maji yakiwachuruzika mabegani. Mmoja tuliyekuwa tukipigana naye tukiwa watoto, na ambaye hatukuwa tumesalimiana kwa miaka, alinipungia mkono. "Niaje! Naanika wapi?" Walileta shuka, walileta mapazia, walileta madera na kamisi za mama wakwe zao. Mmoja wa Baba Dogo alikuja na maovaroli ya kiwanda, yake na ya wenzake wa zamu. Palipokatwa tulifunga kamba kwenye ile nguzo yao wenyewe, tukaanika hapo pia. Lori lilipofika, jani la kayaba halikuonekana kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mtu wa suti alipiga simu, na safari hii akaja mwenye kiwanja mwenyewe, mzee mnene kidogo ndani ya gari safi. Akashuka, akaangalia, akaamuru kazi ianze. Nyapara akamnyooshea panga, mpini mbele.

"Kama ni yako, mzee, fungua wewe."

Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kamisi ya krimu. Mkono wake ulikuwa umeshafika karibu na lesi. Mama alikuwa amesimama kando yake, mdogo, kichwa wazi, mikono ikiwa imekauka kwa sabuni.

"Itoe, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Mimi ni mama yako. Itoe."

Nilikuwa karibu kiasi cha kuona shingo ya mzee ikitokwa na jasho katika baridi ile. Mkono ulibaki pale kwa muda, kisha ukarudi, akaufuta kwenye koti ingawa haukuwa umegusa kitu. Akaingia kwenye gari. Vijana wakatufungulia kamba kwa adabu na kutukabidhi mkononi, wakang'oa nguzo yao, wakapakia mabati, na nyapara alipopita mbele ya mama aliinamisha kichwa.

Mwenye kiwanja hajarudi. Siwezi kuapa kwamba hatarudi, lakini siku ile alishindwa, na tuliomshinda ni sisi. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Ofisini nilikaa siku kadhaa nikijibu simu kwa kunong'ona, na sikuona aibu hata kidogo. Wanawake waliimba kwa lugha zao zote, wakigonga mabeseni. Na mama yangu, ambaye harusini kwangu alikataa kata kata kucheza, aliingia katikati ya kiwanja chetu akacheza, mvi zake wazi mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kumletea leso.