Tini Niliyoitema

Watu huniambia, mama, samehe, yule mtu alishakiri makosa yake. Nisamehe? Ng'o! Ngojeni kwanza niwaeleze habari ya tini, ndipo mnirudie na hilo neno lenu.

Huku kwetu milimani Kondoa kipupwe si mchezo. Asubuhi upepo unashuka mpaka mbuzi wanagoma kutoka zizini, na tini zikikutwa na baridi hiyo hubaki kijani na ngumu mpaka zinaanguka zenyewe. Marehemu baba yangu alijua dawa yake. Alipewa kijiti cha mtini mweusi na mfanyabiashara wa pwani, akakipanda chini ya jabali linalopigwa na jua mchana kutwa. Jua likizama jiwe lile hubaki na joto lake, ukiliegemea mgongo unafurahi. Basi mtini ule ukawa unaivisha katikati ya kipupwe, nasi tukala tini wakati wenzetu wanajikunyata.

Baba alipofariki akaja akida, yule mkubwa wetu aliyewekwa na Wadachi, pamoja na askari wawili. Akasema kiwanja chetu kina chemchemi, kwa hiyo ni cha serikali. Akakizungushia miiba, akatuhamishia mimi na mama juu kwenye upepo. Kipupwe kilichofuata mama akaugua kifua. Hali kitu, hata uji anautema. Siku moja akaniambia kwa Kirangi kwamba anatamani tini moja tu ya mumewe.

Nikashuka mbio, nikapiga magoti nje ya miiba. "Shikamoo, Bwana Akida. Mama yangu mgonjwa, naomba moja tu."

Akachuma moja, akaipasua kwa vidole, akaila yote huku ananitazama usoni. Kisha akasema, "Hizi ni za serikali, binti. Hata mimi siruhusiwi kuzionja." Maji ya tini yalikuwa bado kidevuni mwake. Mama alikufa wiki ile ile.

Sikulia. Nilitia nadhiri nitamkomesha. Nilirudi pale kwenye miiba, nikavunja kijiti kilichochomoza nje, nikakificha ndani ya kaniki yangu. Nikakipanda kwenye chungu kilichovunjika mdomo, nikakiweka jikoni karibu na mafiga.

Mwaka wa pili yake Mdachi mkuu wa bomani, tuliyemwita Bwana Shauri, alitaka kujua ni tini ipi inayofaa nchi ya baridi. Alikuwa na mitini yake miwili iliyoletwa kwa meli, na wa tatu ni ule wa baba, ambao akida aliusifia kila siku utadhani aliuzaa yeye. Maji ya chemchemi hayakutosha yote mitatu. Ikaamuliwa utabaki mmoja, na anayeutunza atapewa kiwanja unapoota kiwe chake moja kwa moja. Mingine ikatwe iwe kuni za boma.

Tatizo ni kwamba Bwana Shauri alikuwa ametoka kuugua homa. Kwinini ilikuwa imeuharibu ulimi wake, kila anachokula anakiona kichungu. Akamuuliza akida, "Wewe umezionja?" Akida akaweka mkono kifuani, akaapa kwamba hajaonja hata moja, mali ya serikali haiguswi. Halafu kiherehere kikamponza. "Yuko binti wa yule aliyeupanda, Bwana Mkubwa. Huyo anazijua tini." Alidhani hakuna mtoto wa kuukashifu mti wa baba yake.

Nikaitwa barazani. Mezani sahani tatu. Tini ya kwanza ilikuwa nyeupe, kubwa, nzuri kwa macho, lakini mdomoni maji matupu, kama tango lililopitiliza. Ya pili ilikuwa ya kahawia na ngozi yake ngumu, ila ndani utamu ulikuwepo, wa kujificha hivi, na mbegu zililia vizuri kwenye meno. Niliyasema hayo kama yalivyo, Bwana Shauri akaandika.

Nikaitia ya tatu mdomoni. Jamani! Asali, na baba yangu, na jabali lile, vyote kwa pamoja. Machozi yalinilenga. Nikiisifu, yule mwizi anapata kiwanja cha baba mpaka afe. Nikiikashifu, mtini wa baba unakatwa, na mimi nyumbani nina kijiti chenye majani mawili, la tatu limeliwa na mbuzi. Nikamwona akida anatabasamu.

Nikaitema sakafuni. "Chachu, Bwana Mkubwa. Hata ngedere angeitema."

"Mwongo huyu!" akida akapiga kelele. "Ile ni tamu!"

Bwana Shauri akamgeukia taratibu. "Umejuaje?"

Akida akanywea palepale. Bwana Shauri akasema neno la mwizi halihesabiwi, mtini ule ukatwe kama nilivyouhukumu. Akida alivuliwa uakida siku hiyo hiyo, akapewa shoka aukate kwa mikono yake, na jembe la kung'olea mizizi. Nilisimama pale mpaka mwisho. Kila pigo nililisikia mbavuni, Wallahi, na nilitamani asipumzike.

Kijiti changu kilipona. Nilikihamishia nyuma ya ukuta wa jiko, palipo na joto la moto, na kipupwe cha nne kikazaa. Wadachi walikuwa bado wako bomani. Asubuhi moja nikasikia hodi, natoka, namwona yeye, amekonda, ana fimbo, anakohoa.

"Binti, kifua kimenibana, hakuna chakula kinachopita. Naomba tini moja tu."

Nikachuma moja iliyoiva, nikaipasua kwa vidole, nikaanza kuila. "Hizi chachu, Bwana Akida. Hata ngedere angezitema."

"Si chachu, binti. Mimi najua si chachu."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. "Nilizila," akasema. "Kila siku nilikuwa nazila."

Nikamaliza tini yangu, nikajifuta kidevu, nikaingia ndani kuendelea na mlenda wangu.