Mguu wa Kulia wa Mama Mikasi

Haya, mmeniganda kama kupe niandike, utadhani mimi na kalamu tumenyonya ziwa moja. Naandika. Atakayecheka herufi zangu aje aandike yeye.

Fundi bomba wa mtaa wetu alijua maji, miguu hakuijua. Shemeji yake alipokatwa mguu, hospitali ikamtajia bei ya mguu wa bandia, bei ya mtu kununulia kiwanja. Fundi akachukua bomba kuukuu la plastiki, akalilainisha motoni, akalikandamiza juu ya umbo la plasta la kigutu chake, akalipigilia soli ya tairi. Shemeji akatembea. Tangu hapo mlangoni kwa fundi magongo yakawa mengi kuliko ndoo.

Ndipo akaja Mama Mikasi, mshonaji, mjane mwenye ulimi wa wembe. Kisukari kilikuwa kimemla mguu, na mwanawe ameshaamua: mama ahamie kwake akapumzike, cherehani apewe mwenye miguu yake.

"Jumamosi wanakuja kuibeba," alimwambia fundi. "Wakinikuta naikanyaga, haitoki."

"Mguu wenyewe upi, mama?"

"Macho umeazimisha? Wa kulia."

Fundi akautengeneza, ukamkaa kama amezaliwa nao. Ila kwenye kifundo alitia bawaba ya mlango, maana cherehani inataka wayo unaocheza. Kila hatua, mguu nyiii.

Ijumaa mama akarudi amevimba kwa hasira. "Fundi, huu mguu unalia."

"Si ulisema wa kulia, mama? Ungetaka wa kunyamaza ungesema mapema."

Waliokuwa kwenye foleni wakashikilia magongo wasidondoke kwa kicheko. Mama hakucheka, na fundi akaona ulimi umemponza. Akaahidi kumfuata kesho na mafuta.

Kesho yake akawakuta wabebaji wameshafika, mwana kasimama katikati ya chumba.

"Mama, umeshatumika vya kutosha. Acha sasa."

"Vua shati."

"Mama, mbele za watu?"

"Kwapa limefumuka, na hao watu wameshaliona. Vua."

Mwana akavua. Mama akakaa, akakanyaga. Nyiii-taka, nyiii-taka. Fundi akaombea bawaba isikatike. Bawaba ile ilitoka kwenye mlango wa jikoni kwake. Lakini mshono ukapita umenyooka, na shati likarushwa kwa mwenyewe.

Mwana akalikagua ndani na nje, akitafuta kosa. Hakuliona. "Na hizo kelele?" akauliza kwa unyonge.

Fundi akainama na kopo lake la mafuta. Mama akampiga kofi la mkononi.

"Usiuguse. Acha ulie, ajue mama yake yuko kazini. Siku ukinyamaza ndipo aje na wabebaji."

Wabebaji wakaondoka mikono mitupu, mmoja akiuliza bei ya kufupisha suruali.

Mafuta yapo tele basi. Kilichokwisha ni mabomba, na foleni haijakwisha. Wewe unayesoma, lile bomba ulilolitelekeza nyuma ya nyumba mijusi wakazalia humo, lilete kwa fundi. Na ulioshe kwanza.