Mwavuli wa Sakerbanu

Mzee Moiz ana studio ya picha hapa Mafinga, ng'ambo ya barabara kutoka karakana yangu ya useremala, na mimi ndiye ninayemtengenezea fremu. Picha za pasipoti hupiga za rangi kama wenzake, shingo upande. Za moyo wake ni nyeusi na nyeupe, na hazina mtu: ufukwe wa Matema kule Ziwa Nyasa, na milima ya unga wa mbao nyuma ya viwanda vyetu vya kupasulia magogo. Bila rangi, zote ni vilima vya kijivu tu. Nilimwambia aandike nyuma ipi imepigwa wapi. Akasema picha inayohitaji maelezo imeshindwa kazi. Mbishi sana mzee huyu.

Mkewe, Sakerbanu, hakupenda kupigwa picha. Walipokwenda Matema mara ya mwisho alimruhusu apige nyayo zake tu, mchangani. Mwaka jana akafariki. Mzee alipopekua masanduku alipata picha mbili zenye nyayo, moja ya Matema, moja ya Mafinga, na filamu zilishaharibiwa na mvua iliyovuja paani. Hakujua ipi ni ipi. Macho yake nayo yameingia ukungu.

Jumatatu alichagua moja, nikaitia kwenye fremu. Jumanne akarudi: "Fundi, nimekosea. Badilisha." Alhamisi akarudi tena, akasimama kati ya mbao zangu akizigeuzageuza zile picha. Kazi zilikuwa zimenifika shingoni. Nikamwambia achague moja afe nayo, na neno hilo nalijutia mpaka leo.

Akanyoosha kidole. Kando ya nyayo ulipita mstari mrefu. "Huu ni mwavuli wake. Alikuwa akiuburuta kama mkongojo. Hiyo nyingine ina doa jeusi chini, imeungua kwa mwanga nilipokuwa nikiisafisha. Picha ya mke wangu nisingeiunguza. Fanya nayo utakavyo."

Nikaiweka hiyo nyingine nyuma ya ile aliyoichagua, kukazia kioo. Kwa miezi minane mzee aliisalimia fremu ile kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la studio.

Wiki iliyopita kioo kilipasuka, akaileta. Damari, anayezoa unga wa mbao kiwandani, alikuwa ameniletea mabanzi. Damari akainama juu ya meza, akaniuliza huku akionyesha nyayo na ule mstari.

"Dada Tekla, huyu si mimi? Ona, beleshi langu hili. Nikichoka huwa naliburuta hivi."

"Ni mwavuli," mzee akasema.

"Hapana, baba. Unga wa mbao haushiki vidole, mguu unazama tu. Ona, mashimo matupu."

Mimi, fundi wa mbao, nilipaswa kuliona hilo siku ya kwanza. Nilikuwa na hasira, sikutazama. Niliona aibu mbele ya Damari, na mbele ya mzee zaidi.

Mzee alimtazama Damari, akanitazama mimi, akaitazama picha. "Sasa miezi yote hii nilikuwa naongea na nani?"

Niling'oa misumari ya nyuma, nikaitoa ile nyingine. Nyayo zake zilikuwa ndogo, na vidole vyote vilionekana. Mstari haukuwepo. Mzee akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza hadi puani.

"Mguu ni wake. Lakini mwavuli uko wapi?" Aliuliza kama anayemuuliza marehemu mwenyewe. Akapitisha kidole chini ya picha, kwenye lile doa jeusi, akalifuata ukingo wake taratibu. Lilikuwa la mviringo. Akaanza upya, akalizunguka tena.

"Jua lilikuwa kali siku ile, Fundi," alisema. "Aliufungua; hiki ni kivuli cha mwavuli. Alirudi akasimama nyuma yangu, ananikinga mimi."