Visu vya Nyama Tulivibeba Kabla ya Mechi

Sisi watu wa Machame tulikwenda fainali na visu kumi na kimoja, na ng'ombe mwenyewe tulikuwa hatujamshinda bado.

Nilivifunga mimi. Nilivizungushia kitenge, nikavilaza chini ya kapu, juu yake nikapanga majani ya mgomba ya kuwekea nyama.

Juni 1982, Himo. Kama ulikuwepo siku ile, najua umeshaanza kusonya. Kama hukuwepo, kaa nikusimulie.

Shule yangu iliishia darasa la nne la misheni, kwa hiyo mnivumilie. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, na ninayaandika kwa ajili ya wamama wenzangu wenye vijana wa mpira.

Kwanza mjue Kombe la Likizo lilikuwa nini.

Lilianza 1963. Vijana waliokuwa sekondari na vyuoni wakirudi likizo ya Juni walikuwa wanachuma kahawa huku wamenuna. Mwalimu mmoja, Aristides, akasema kila kijiji kiunde timu ya wanafunzi wake. Sharti moja tu: huchezi bila barua ya mkuu wa shule au chuo. Kama umeacha shule, kaa pembeni ushangilie.

Watu walicheka. Eti timu ya wasomi, miguu laini.

Mwaka wa tatu, kipa mmoja wa Marangu, Rogath, akachukuliwa na timu ya kiwanda huko Dar. Akaandikwa kazi ya stoo, na hiyo stoo yenyewe hakujua mlango wake uko wapi. Kazi yake ilikuwa kudaka.

Baadaye Januari wa Rombo akavuka bahari hadi Uarabuni, akawa analipwa kwa kucheza mpira.

Kulipwa! Kwa kucheza!

Alirudi na redio kubwa kama sanduku la nguo. Kijiji kizima kikahamia uani kwake.

Tangu hapo kombe halikuwa mchezo tena. Kila fainali walikuja mabwana wa timu kubwa na madaftari. Na sisi wamama tukaanza kuangalia miguu ya watoto wetu kama tunavyoangalia kiwele cha ng'ombe.

Mimi nikiwemo. Mimi wa kwanza.

Ebenezeri wangu, kifungua mimba, alikuwa na miaka ishirini, yuko chuo cha ualimu. Mguu wake ulikuwa wa kushoto. Likizo ile alishafunga mabao tisa.

Bwana mmoja wa Dar mwenye kofia alipanda mpaka kwetu, akanywa maziwa, akamwambia mume wangu Eliufoo, "Mzee, fainali nakuja. Akicheza kama Jumamosi iliyopita, naondoka naye."

Kuanzia siku ile sikula nikashiba.

Niliogopa kila kitu. Jiwe njiani, tope mtoni, mchongoma. Akitoka kukata majani ya ng'ombe nampigia kelele, "Angalia mguu!"

"Mama, utanitundika darini kama mahindi ya mbegu," ananicheka.

Sasa hilo la visu.

Zawadi ilikuwa fahali. Desturi yetu, mshindi anamchinja palepale uwanjani, na nyama inagawanywa kwa koo. Kila ukoo una fungu lake, na fungu linakatwa kwa kisu cha ukoo huo, si cha kuazima. Lakini visu vilikuwa vinakuja baada ya filimbi. Mtu anatumwa kijijini kuvifuata, wengine wanasubiri wakiimba.

Himo na Machame si karibu. Wifi yangu Aikande akasema, "Nani atarudi mpaka kwetu kufuata visu? Giza litatukuta. Beba, wifi. Ng'ombe ni wetu."

Nikabeba.

Wapinzani walikuwa Tarakea. Mwaka ule nchi nzima haina sabuni, haina sukari. Tarakea wako mpakani, na mpaka umefungwa, lakini wao hawakukosa kitu. Tulipowaona wameshuka kwenye lori, fulana za kijani zimetakata, tukaanza.

"Walanguzi! Mnanukia sabuni ya Kenya!"

"Afadhali sisi tunanukia! Nyie mnajisugua kwa majani ya mgomba kama masufuria!"

Pande zote zikacheka, hata polisi wawili waliokuwepo.

Hicho ndicho kilikuwa kicheko cha mwisho.

Aikande, ambaye mdomo wake hajawahi kuuweza, akachomoa kisu kwenye kapu langu. Akatafuta jiwe. Akakaa akiwaangalia Tarakea, akaanza kunoa. Shwii. Shwii.

"Kwato tutawaachia!" akawaambia. "Mkachemshe!"

Mzee mmoja wa kwao akasimama. "Wamekuja na visu! Aisee, hawa watu wamekuja na visu!"

Maneno yakazunguka uwanja kama moto kwenye majani makavu. Nikaona vijana wa Tarakea wanainama, wanainuka, wanainama. Walikuwa wanaokota mawe.

Nilipaswa kuchukua kapu langu nikaondoka. Sikuondoka. Bwana wa kofia alikuwa ameshakaa, kafungua daftari.

Mechi yenyewe ilikuwa vita. Tarakea walikuwa na beki mmoja mrefu, Leonce. Ebenezeri akigeuka, Leonce yupo. Akiruka, Leonce yupo. Dakika ya kumi alimpiga mtama, mwanangu akaserereka kwa kifua.

"Mvunje na wewe!" nikapiga kelele. Mimi, mzee wa kanisa.

Ng'ambo kule mama yake Leonce, Digna, naye anapayuka, "Usimwache apite! Mlaze chini huyo!"

Tulikuwa tunaangaliana, mimi na Digna, kama kuku wenye vifaranga.

Bao moja kwa bao moja. Zimebaki dakika chache. Ukungu umeshuka mlimani, golini hapaonekani vizuri. Ebenezeri akapita wawili, akaingia ndani, Leonce akajitupa. Wote chini.

Refa akapuliza. Penalti.

Jiwe likatoka upande wa Tarakea, likampata refa kwenye sikio. Akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Damu ikaingia kwenye filimbi.

Ruwa, Mungu wangu! Nimekaa duniani miaka themanini na ushee, sijaona tena kitu kama kile.

Mawe yakaja kama mvua. Watu wetu wakavamia kapu. Sikumpa mtu kisu, lakini sikumzuia mtu pia. Nilimwona Aikande anapigwa rungu la mgongo, anainuka, anamrukia aliyempiga na kumng'ata shavu. Nilimwona kijana wa Tarakea anashika tumbo lake kwa mikono miwili, anatembea, anatembea, anaanguka. Mzee wa kanisani kwetu, mtu mpole, anamkanyaga mtu kichwani kwa kisigino cha kiatu na huku anasema, "Bado? Bado?"

Fahali alikata kamba, akapita katikati yetu, akakanyaga mtoto wa mtu.

Mimi nilikuwa namtafuta mmoja tu.

Nikamwona. Yuko palepale alipoangukia, uso chini, na juu yake amelala yule Leonce na fulana ya kijani, amemkumbatia shingo. Anamnyonga, nikajua. Anammaliza mwanangu ili asiende Dar.

Nikakimbia.

Halafu nikasikia ukelele wa Ebenezeri. Leonce alikuwa amegeuka ubavu. Mguu wa kushoto wa mwanangu, juu ya kisigino, pale kwenye mshipa mkubwa, ulikuwa wazi kama mdomo. Kisu kiko majanini, karibu na mkono wa Leonce.

"Kamkata!" mtu akasema nyuma yangu. "Huyu kamkata!"

Wakamwangukia. Walimpiga kwa mti wa bendera ya kona, kwa mawe, kwa mateke. Mkono wake ulilia kama ukuni unavyovunjwa gotini. Meno yake niliyaona kwenye tope. Hakujitetea. Alikuwa anasema neno moja tu, "Eben, Eben," mpaka taya likavunjika akashindwa kulisema.

Digna alipita katikati ya miguu ya watu, akajilaza juu ya mwanawe. Naye wakampiga.

Mimi nilisimama. Nilikuwa naangalia.

Polisi walifyatua bunduki hewani, watu wakatawanyika. Bwana wa kofia alishaondoka zamani. Watu watatu walikufa siku ile, wawili wa kwao na mmoja wetu. Kombe la Likizo halikuchezwa tena.

Hospitali daktari hakuzungusha maneno. "Atatembea. Mpira, hapana."

Niliketi kando ya kitanda na chupa ya mtori wa ndizi. Ebenezeri hakula. Siku ya nne akamwambia baba yake atoke kidogo.

"Mama, Leonce tunalala chumba kimoja chuoni. Kitanda chake juu, changu chini."

Nikaanza kufungua kizibo cha chupa.

"Mawe yalipoanza aliniambia, tulia, wakikuona na fulana ya Machame huku watakuua. Akanilalia. Alikuwa ananikinga, mama."

Sikumwuliza, basi ni nani aliyekukata. Akaniangalia muda mrefu, akisubiri nimwulize.

"Wamemfungulia Leonce kesi, eti ndiye aliyenikata," akasema. "Nenda ukaseme."

"Nikaseme nini, mwanangu?"

Akageukia ukutani.

Kesi ilisomwa Agosti, Moshi mjini. Leonce aliletwa mkono kwenye plasta, taya limefungwa waya, hawezi kujieleza. Digna alikaa benchi moja na mimi kwa sababu pengine pote pamejaa. Hakunisalimu, na mimi sikumsalimu.

Wakamwita Ebenezeri atoe ushahidi. Akaenda kwa magongo.

"Ni nani alikukata?"

"Nilijikata mwenyewe, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Ulijikata nyuma ya mguu? Umelala kifudifudi?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kisu ni cha ukoo wetu, baba ataueleza mpini wake. Nilikichukua kwenye kapu la mama nikakificha kwenye soksi. Nilikuwa nimekusudia kumkata huyu Leonce. Nilipoanguka kikanikata mimi."

Eliufoo aliitwa, akaushika mpini, akasema, "Ni cha nyumbani." Akakirudisha kisu mezani.

Leonce kule kizimbani alikuwa anatikisa kichwa. Anatikisa, anatikisa, machozi yanapita kwenye zile waya.

Leonce akaachiwa. Ebenezeri akafungwa miezi minne kwa kuingia na silaha kwenye mkusanyiko. Chuo kikamfuta.

Alipopitishwa mbele yangu na pingu aliniambia, "Nenda nyumbani, mama. Ng'ombe hawajakamuliwa."

Ndugu zangu, mwanangu hakujikata.

Nilipokimbia pale uwanjani mkononi nilikuwa na kisu cha ukoo wetu, nilichokichomoa kapuni mwenyewe. Nilikishusha kwenye fulana ya kijani kwa nguvu zangu zote, nimefumba macho. Leonce alisikia hatua, akageuka. Kisu kikamkosa, kikateleza mpaka kwenye mguu wa mwanangu. Ule mguu niliokuwa naulinda na miiba, nikaukata mimi, mamaye.

Ebenezeri aliniona. Leonce aliniona. Wote wawili waliangalia viatu vyangu vikirudi nyuma.

Nami nikakaa kwenye lile benchi, bega kwa bega na Digna, nikamwacha mwanangu afungwe. Ningesimama tu. Ningesema maneno matatu. Sikusimama siku ile, na baadaye nikajizoesha kutosimama.

Leonce alipona. Mwaka 1984 timu ya Dar ikamchukua. Kila mchezo ukitangazwa redioni, Ebenezeri alikuwa anaacha jembe, anachechemea mpaka dirishani kwa jirani kusikiliza. Jina la Leonce likitajwa anapiga mluzi. Mimi nilikuwa naingia zizini.

Alikuja mara moja kututembelea, kwa suti. "Shikamoo, mama," akaniambia, na akainama kabisa. Badala ya marahaba nikaenda kumletea kiti. Digna alishafariki, sikumwomba msamaha.

Sasa mama unayesoma, una kijana wa mpira, umeambiwa ana kipaji. Sikukatazi kwenda uwanjani. Ila yule unayemwita adui wa mwanao, kamwulize kwanza mwanao anamjua vipi. Na ukiona wenzako wamebeba chochote chenye makali, hata kama ni cha vitunguu, mshike mwanao mkono muondoke. Asifunge bao. Akose Dar. Ukiwa na woga moyoni na kisu mkononi, huchagui utakayempata.

Ebenezeri amenisomea haya kabla sijayapandisha mtandaoni. Amesahihisha herufi hapa na pale, kama mwalimu ambaye angekuwa. Pale nilipoandika kwamba nilimkata, aliurudia mstari kwa kidole. Akasema, "Hapo umeandika sawa," akaendelea kusoma.