Kila Mtu na Kikombe Chake

Mwaka 1978, nikiwa na miaka ishirini na tisa, nilipakiwa kwenye lori la afya mchana kweupe, nimejichafua mpaka viatuni, na mtaa mzima wa Kariakoo umesimama unaangalia. Wengine wakisimulia maisha yao huanza na walipozaliwa. Mimi naanza na lori, kwa sababu nikianzia nyuma zaidi nitajisifu.

Maana sifa nilikuwa nazo. Nimetoka Kilimanjaro na darasa la nne na shati moja. Nimeosha vyombo vya watu Buguruni, nimelala juu ya magunia, hadi nikapata chumba cha mbele kwenye nyumba ya mzee mmoja wa Kizaramo karibu na soko, nikafungua hoteli yangu. Hoteli ya chai, meza nne. Mtaani waliniita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchaga anayeuza kitu. Usafi ndio ulikuwa jina langu. Mteja akiinuka tu, meza imefutwa. Wasukuma mikokoteni sikuwaruhusu ndani, na miguu yao ile na jasho lile. Wao walikunywa chai nje, kwenye ngazi, na niliwawekea vikombe vyao vya bati, vilivyobanduka rangi, nikavitundika kwenye misumari kando ya mlango visije vikachanganyika na vya ndani. Niliona hiyo ni akili ya biashara. Hakuna aliyelalamika, au walilalamika nikiwa sisikii.

Kipindupindu kilipoingia mjini, nilisema mbele ya wateja wangu, kwa sauti, kwamba huo ni ugonjwa wa watu wachafu. Haukupita muda kikanikuta na mimi.

Kwenye kambi ya wagonjwa tulilala kwenye vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, na ndoo chini ya tundu. Mtu mzima, mwenye hoteli yake, umelala bila suruali juu ya ndoo. Upande huu kuli wa bandarini, upande ule karani wa ofisi za Posta, na wote tunatoa maji yale yale. Nesi alikuwa akiniambia, "Baba, usione haya, kunywa." Nilikunywa. Haya niliona vile vile.

Nilipotoka nilikuta mji umefungwa kinywa. Chakula cha kupikwa marufuku kuuzwa, matunda marufuku kukatwa barabarani, juisi hakuna, kachumbari hakuna. Wakaanga samaki wa Feri walikuwa wamegeuza makarai yao chini juu. Mke wangu alishakwenda kwao Kilimanjaro na mtoto, na baba mkwe alituma maneno kwamba binti yake atarudi Dar siku nitakapokuwa na pa kumlishia. Mwenye nyumba naye, kwa upole wake wa kipwani, akaniambia:

"Mangi, marufuku ikiondoka nakupa mwezi. Pakiwa kimya, kuna fundi viatu anakitaka chumba. Usininunie, baba. Na mimi nina tumbo."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Hoteli ifufuke ndani ya mwezi, au nipande mlima nikasimame mbele ya mkwe mikono mitupu.

Marufuku ikaondoka. Bwana afya akapita, akakagua choo, akaniruhusu kuuza. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilitafuta chokaa, nikapaka kuta, nikapaka mlango, nikapaka ngazi, nikamwaga na ya unga mpaka ukingo wa barabara. Maji ya kuoshea vikombe nikayatia dawa, ile inayonuka hospitali. Nilitaka anayepita auone usafi kwa macho na aunuse kwa pua. Na kila aliyeniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo, nilimjibu, "Moshi, nyumbani. Kulikuwa na msiba." Kisha nikasimama mlangoni, kitambaa begani, nikingoja wateja. Watu wakifika karibu yangu walivuka barabara, wakapita upande wa pili, wakavuka tena kule mbele.

Upande huo wa pili alikaa mama mmoja mwenyeji wa pale pale mjini, rika la mama yangu, muuza vitumbua. Naye beseni lake lilikuwa linarudi ndani limejaa kama lilivyotoka. Asubuhi moja akaja kwangu na kanga yake kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mangi, nani kakufia?"

"Hakuna aliyenifia, mama."

"Hebu! Chokaa mlangoni, chokaa kwenye ngazi, dawa inanuka mpaka msikitini. Watu wa afya wakishatoa maiti ndani ya nyumba, si ndivyo wanavyoiacha? Kila anayepita hapa anasema inna lillahi. Umejitangazia matanga mwenyewe, kilichobaki ni kutandika mikeka."

"Huu ni usafi, mama."

"Usafi! Na hiyo Moshi uliyokwenda, siku hizi inaendewa na lori la afya?"

Akashusha sauti, na afadhali angeendelea kupiga kelele.

"Mtaa mzima tulikuona, mwanangu. Miguu yako mimi ndiye niliyeifunika, kwa kanga yangu. Wakaenda nayo huko huko, wakaichoma."

Nilikuwa nakumbuka kitu chekundu kimenifunika mapajani ndani ya lori. Nilidhani ni nguo ya serikali.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kitumbua bila chai kinakaba. Chai bila kitumbua ni maji ya moto tu. Ama tushikane, ama tufe njaa wewe na usafi wako na mimi na beseni langu. Osha hiyo chokaa. Jiko lako litoe uani, liweke hapa barazani, watu wayaone maji yanavyotokota. Na Moshi uache kuitaja."

Niliosha chokaa. Jiko ndilo lilinishinda kwanza. Hoteli ya maana ilikuwa na jiko uani, mteja anaona kikombe tu, hamwoni mwenye hoteli akipuliza mkaa na macho mekundu. Lakini siku zilikuwa zinakwenda. Nililitoa. Yule mama akaja kukaa pembeni yangu na beseni lake, na sufuria ilipoanza kutoa povu akanyanyua sauti kama anayeuza mnadani:

"Jamani, njooni! Huyu katoka kambini, kapona! Nyie mnaotembea hamjijui kama mnao ugonjwa, yeye anajijua! Maji haya yanatokota, au macho yenu yana ukungu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mama, taratibu," nikamwambia.

"Nimekwambia uchochee moto, sikukwambia useme."

Wa kwanza kuja alikuwa msukuma mkokoteni, mrefu, mmoja wa wale wa kwenye ngazi. Aliegesha mkokoteni wake, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kaptura, akatoa kikombe.

"Mangi, leo nimekuja na changu."

Nyuma yake alikuja fundi cherehani, naye ana bilauri yake. Nyuma ya fundi, muuza vitunguu na kopo la maziwa lililokatwa mdomo. Walikuwa wamekubaliana, sijui na nani. Walitaka chai yangu, vyombo vyangu hawavitaki.

Damu ikanipanda. Nikasema, "Hii ni hoteli, si kambi. Anayetaka chai hapa anakunywa kwenye kikombe changu."

Yule msukuma mkokoteni akageuka, akavitazama vikombe vya bati kwenye misumari. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kikombe chako kipi, Mangi? Cha ndani au cha nje?"

Fundi cherehani alicheka mpaka akakohoa. Yule wa mkokoteni mwenyewe hakucheka. Angecheka ningepata pa kumshikia, ningemfukuza, hoteli ingekufa siku ile na leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Alinyoosha tu kikombe chake. "Tia basi, kaka. Mzigo unaningoja."

"Mimina," akasema yule mama, bila kuniangalia.

Nikamimina. Nilijaza kupita kiasi, chai ikamwagikia vidole vyake, akavifuta kwenye kaptura. Akachukua vitumbua, akaenda kukaa kwenye ngazi, mahali pake pa siku zote. Wengine wote wakakaa hapo hapo naye. Ndani meza zangu nne zilikuwa tupu, zinang'aa.

Ndivyo tulivyouza. Kila asubuhi niliwamiminia watu chai kwenye vyombo vya kutoka kwao, na kila kikombe kilichonyooshwa niliona kimenishitaki. Mama wa uji wa kona ya pili aliona tunavyofanya, naye akatoa jiko nje. Wakaanga mihogo wakafuata. Watu wakaanza kutembea sokoni na sahani mkononi, na harufu ya mafuta ikarudi mtaani. Kabla mwezi haujaisha mwenye nyumba alikuja na kikombe chake cha kaure chenye maua, akanywa, akakipangusa, akaondoka. Fundi viatu hakumtaja tena. Mke wangu akarudi.

Baadaye sana, siku moja yule msukuma mkokoteni alikuja, akajipapasa mfukoni, hana kitu. "Nimekisahau nyumbani," akasema. "Nipe kile cha msumarini." Nikamwambia vya msumarini nimeshavitupa. Nikampa cha ndani, nikamwonyesha meza. Akaangalia miguu yake kwanza, ndipo akaingia. Kuionea haya miguu yake alikuwa amejifunza kwangu.

Wanangu wanawasimulia watu kwamba baba yao ndiye aliyevumbua jiko la mbele pale mtaani, kwa akili yake ya kuzaliwa. Nimewaacha waseme. Lori hawalijui.

Ile kanga iliyochomwa, nilisema nitamnunulia mama wa vitumbua nyingine. Miaka ile nguo zilikuwa za foleni na za mgawo, nikajipa udhuru huo. Kanga zilipojaa madukani, mimi nilikuwa mtu mwenye jina, na kumpelekea kanga ilikuwa ni kulitaja lori. Nilikuwa nampa sukari, nampa mchele, namsalimu kwa adabu. Kanga sikumpa. Alizikwa mimi nikiwa safarini Moshi, safari hii kweli.

Leo nina nyumba ile ile, niliinunua kwa warithi wa yule mzee, nimeijenga ghorofa tatu. Nina hoteli pale chini, jiko liko mbele. Nina hoteli nyingine Buguruni. Nina lori dogo la mizigo. Nina kihamba Kilimanjaro, migomba na ng'ombe wawili. Nina vikombe vingi, vyote vya aina moja. Nina doti moja ya kanga nyekundu, haijakatwa, iko kabatini.