Spika wa Baa ya Zamani

Baa yetu ya katikati ya mji ilikuwa na sheria moja: mwenye hadithi husimama, wengine husikiliza. Aliyegawa zamu ni mhudumu wetu, mama wa makamo tuliyemwita Spika. Aliwahi kumkalisha hakimu ili kuli amalize yake. Leo watu wanaheshimu nini?

Mwenye baa alipofariki, mwanawe alileta televisheni, nasi tukawa tunakunywa tukikodolea macho ukutani.

“Shangazi,” kijana akamwambia Spika, “watu hawataki tena hadithi. Mwisho wa mwezi ukapumzike.”

Jumamosi moja mchana umeme ukakatika. Baa ikawa kimya kama matangani. Spika akamgeukia fundi viatu.

“Wewe, simama! Si unasema mkeo anakuogopa?”

“Kabisa. Nikiingia ndani, hathubutu kusema neno.”

“Atasemaje, na amehamia kwa mamake?”

Tulicheka hadi wapita njia wakaingia kuuliza kulikoni, wakaagiza bia, wakabaki. Viti vikaisha.

Umeme uliporudi, kijana alishika rimoti, akautazama umati, akaitia mfukoni.

“Shangazi, usiende popote.”

“Kwani nilikuwa naenda wapi? Hebu sogea, umemkinga fundi.”