Pengo kwenye Kisu cha Mpishi Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa aproni iliyochanika mfukoni na kisu kimoja, basi. Ilikuwa nyumba ya wageni pale Kilosa mjini, si mbali na stesheni. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Msimamizi wa Jiko, mtu mnene aliyevaa kofia ya kufuma hata jua likiwaka. Kisu chenyewe mhunzi alikuwa amekifua kutokana na springi ya lori. Kwa kisu hicho nilimenya vitunguu, nikapasua maboga, nikavunja mifupa ya mbuzi na kufungulia makopo ya nyanya. Kikipinda nilikilaza kizingitini nikakikanyaga, kikanyooka.

"Hamisi," Msimamizi alikuwa akiniambia, "kisu ni mtumishi. Kitumikishe!"

Nilikitumikisha miaka sita, nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa najifunza ujinga kwa bidii.

Kutoka Kilosa nilipata kazi kwenye kambi moja ya watalii huko Mikumi. Jina lake nalihifadhi, watu wake hawakunikosea. Huko nilimkuta Mpishi Mkuu, mzee mwembamba mwenyeji wa Tanga, asiyepaza sauti hata sufuria likiungua. Alikuwa na kisu chake mwenyewe, kirefu, chembamba, alichopewa na mpishi mgeni aliyewahi kufanya naye kazi. Kilikata nyanya iliyoiva bila kuibonyeza. Hakuna aliyekigusa ila yeye, na dada Zuhura.

Dada Zuhura alikuwa mtunza vyombo. Alivikosha visu vyote kwa mkono, akavikausha papo hapo, akavifunga kila kimoja kwenye kitambaa chake na kuviweka kabatini. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la khanga. Alinizidi miaka kadhaa, kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia, naye akiitikia huniuliza nimekula nini. Alikuwa mjane, mwenyeji wa kijiji cha Malolo. Mshahara ule ndio uliomsomesha binti yake Rehema, aliyekuwa kidato cha pili, na dada alimtaja Rehema mpaka tukamtania kwamba shule nzima ina mwanafunzi mmoja tu.

Wiki yangu ya kwanza nilipewa boga. Nikalichoma kisu kwa nguvu, kikanasa, nikainua boga na kisu kwa pamoja na kuvibamiza mezani. Mpishi Mkuu alinishika kifundo cha mkono.

"Unapasua kuni, bwana?"

"Hapana, Chifu." Ndivyo sote tulivyomwita.

"Basi usipige. Na kisu kikinasa, usikisokote. Kirudishe kilikopita."

Akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza Kilosa. Kisu changu cha springi kilikuwa chuma laini, nacho chuma laini hupinda. Kisu kizuri ni chuma kigumu, ndiyo maana makali yake hukaa muda mrefu, lakini chuma kigumu hakipindi, kinameguka. Ukikisokota kwenye kitu kigumu, kinatoa pengo kama la jino. Boga alinifundisha kulikata kikonyo kwanza kwa kisu kizito cha bucha, nilisimamishe kwenye ule upande bapa lisiteleze, kisha nigonge mgongo wa kisu taratibu kwa mchi. Likiwa kaidi sana, tulilitia mvuke kidogo lilegee ganda. Nyama iliyotoka kwenye friza hatukuigusa mpaka ilainike. "Ikiwa jiwe, ingoje," alisema. Na kuhusu mifupa alinifundisha kupapasa kwa kidole mpaka nipate kiungo. "Mfupa una mlango wake, Hamisi. Tafuta mlango, acha kubomoa ukuta."

Nilijifunza. Nilijifunza hata kutosukuma mboga ubaoni kwa makali, bali kugeuza kisu na kusukuma kwa mgongo. Mwaka wa tatu Mpishi Mkuu akamwambia Meneja kwamba anataka kunifanya msaidizi wake. Mke wangu alishona sare mpya kabla hata barua ya cheo haijatoka. Jamani, haraka ile!

Sasa nisikilizeni, maana nimefika pale ambapo sijawahi kupasimulia.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula cha wageni. Dereva wa kambi alirudi kutoka Kidodi na mzigo wa miwa, ile minene yenye ganda jekundu. Ukizaliwa pande zetu, muwa ukiuona hungoji kuitwa. Dada Zuhura alikuwa ndiyo kwanza amefunga visu, na swala ya adhuhuri ilikuwa inampita. Nikamwambia, "Nenda kaswali dada, kabati nitaliangalia mimi." Akaniamini. Akaliacha wazi akaenda zake.

Kisu cha bucha kilikuwa nje kwenye gogo la nyama, hatua kumi tu kutoka niliposimama. Uvivu wa hatua kumi, wanangu! Nikafungua kitambaa nikachukua kisu cha Mpishi Mkuu. Kilimenya ganda la muwa kama karatasi, nikacheka peke yangu. Kisha nikafika kwenye fundo, pale penye ugumu kati ya pingili na pingili. Kikanasa. Na mkono wangu, ule wa Kilosa, ukasokota kabla sijawaza.

Kilitoa mlio mdogo, tiki. Pengo lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele, katikati ya makali. Nilikifuta kwa aproni harakaharaka, nikakifunga kwenye kitambaa chake, nikakirudisha. Dada Zuhura aliporudi aliniambia, "Ahsante, Mungu akuweke," akafunga kabati.

Alasiri Mpishi Mkuu alikifungua kukatia samaki. Alikiinua kwenye mwanga, akaliona pengo. Akamwita dada Zuhura, akampa kisu mkononi. "Hebu tazama mwenyewe."

Dada alikitazama, akakipapasa ubapa wake kwa kidole gumba. Akasema, "Sijui, Chifu. Nilikifunga kikiwa kizima." Akatutazama wote, mmoja mmoja. Sikumwona aliponifikia, kwa sababu nilikuwa nimeinama nachambua mchele ambao ulikwisha chambuliwa.

Meneja akaitwa. Kanuni ya kambi ilikuwa wazi: kilicho kabatini ni juu ya mwenye ufunguo. Mpishi Mkuu akasema mbele yetu, "Kisu nitakinoa. Mimi nataka mtu aseme kweli, yaishe." Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lilitosha, na pengine ningekaripiwa yakaisha. Nikaifikiria ile barua. Nikaifikiria ile sare. Niliogopa, sina neno jingine la kulipamba. Dada Zuhura, kwa kuwa alisema "sijui" tu na hakusema zaidi, akahesabiwa kuwa anaficha, akaachishwa kazi. Asubuhi yake aliondoka na gari la kambi, na begi moja.

Barua yangu ilitoka mwezi uleule. Na ufunguo nikapewa mimi.

Mpishi Mkuu alikisugua kisu kile kwenye jiwe la kunolea siku nyingi, jiwe la kukwaruza kwanza, kisha lile laini, na maji yakidondoka, mpaka pengo likafutika. Pengo halizibwi. Unachofanya ni kuyashusha makali yote yalingane nalo, na kisu kinabaki chembamba kuliko kilivyokuwa. Alikinoa huku akinieleza, akidhani ananifundisha ufundi. Nilipokea kazi yake alipostaafu, nikafundisha wapishi wengi, na kila mmoja nilimwambia asisokote kisu. Walinisifu kwa ukali wangu kuhusu visu. Wangejua!

Nimestaafu. Watu husema kustaafu ni kupumzika, lakini mimi nilipokosa kazi ya kunishughulisha ndipo dada Zuhura alipoanza kunijia akilini kila siku. Mwaka huu nikamwambia mke wangu nakwenda Malolo. Nikapanda basi la Iringa, nikashuka njiani, nikamalizia kwa bodaboda. Nilimkuta kibarazani anachambua vitunguu, amezeeka, mgongo umeinama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Hamisi." Hakuuliza mimi ni nani. "Umekula nini?"

Nilikaa chini nikasema yote, bila kupumua. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akatupa kitunguu kibovu pembeni.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Kisu kilikuwa kinanata. Nilikisikia kwa kidole, sukari ya muwa. Na kabati nilikuwa nimemwachia nani?"

"Mbona hukusema, dada?"

"Ningesema mimi, wangeniona natafuta wa kumsingizia. Nikadhani utasema mwenyewe. Nilikungoja jioni, nikakungoja asubuhi. Gari linaondoka, mimi naangalia mlango wa jiko tu."

Nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Nikamwomba radhi. Akafuta mikono kwenye khanga.

"Mimi nilikusamehe zamani, nisingeweza kuishi na jambo lile. Lakini aliyeacha shule ni Rehema, si mimi."

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anakuja kutoka bombani, ndoo kichwani, miguu ina matope ya shamba. Umri wake ni wa watu ambao sasa wana ofisi zao. Akatua ndoo, akapiga goti kidogo kwa adabu, maana mama yake alimlea vizuri.

"Shikamoo, baba."

Nikafungua mdomo, marahaba ikakataa kutoka. Nikamwomba akae kwanza, nimwambie mimi ni nani.